Mbio za Nusu Kikombe

Kibanda cha Fundi Viatu kina benchi moja, na benchi hilo lilitengenezwa kwa ajili ya wateja. Siku hizi wateja husimama. Tunaokaa ni sisi: Dakika, aliyepata jina hilo kwa sababu katika maisha yake yote ya kandanda aliingia uwanjani mara moja tu, dakika ya mwisho, mpira ukiwa umeshatoka nje, Bima, aliyewahi kuuza bima na akaiacha kazi hiyo watu walipoanza kudai, na mimi, karani mstaafu, ambaye wenzangu huniita Katibu kwa kuwa siwezi kuagiza kahawa bila kuuliza nani anaunga mkono hoja. Fundi mwenyewe hukaa chini, kwenye kigoda, nyundo mkononi na misumari mdomoni, ndiyo maana maoni yake huwa machache na hayana irabu. Kahawa anauza Mama Birika, hatua chache kutoka hapo, na masikio yake yanafika kabla ya mkono wake.

Mwaka jana tuligundua kwamba binti wa Fundi, Cheche, ana mbio. Tulimtuma sukari, akarudi nayo tukiwa bado tunabishana nani amtume. Palepale tukaunda Kamati ya Maendeleo ya Muda Mrefu ya Mwanamichezo Chipukizi. Jina nililitunga mimi, na kweli lilichukua muda mrefu. Maendeleo yenyewe tuliyapa miezi mitatu. Tukachonga muhuri kabla ya kununua saa ya kupimia mbio, na muhuri ulipofika, hamu ya saa ikatuisha. Basi tukawa tunapima kwa kikombe. Mama Birika humimina, Cheche huchomoka kulizunguka ghala la nafaka, na Dakika hunywa kwa mwendo mmoja usiobadilika, kama mtu aliyeapishwa. Mtoto akirudi, tunachungulia kilichobaki. Siku za mwanzo alikuwa anarudi kahawa ikiwa juu ya nusu.

Jana alirudi akamkuta Dakika analamba mashapo. Na Jumamosi hii ndiyo mchujo wa timu ya watoto ya wilaya. Kamati ikaitisha kikao cha dharura, yaani tulikuja kama kawaida lakini tukakunja nyuso.

— Mtoto hajapunguza mwendo, alianza Dakika. Vikombe ndivyo vilivyopungua.

Mama Birika alikuwa anapuliza makaa. Akaacha kupuliza.

— Rudia.

— Sijakutaja wewe, mama. Nimetaja vikombe.

— Vikombe hivi aliniachia mama mkwe. Unamsingizia marehemu?

— Nasema tu, kitu kikioshwa kila siku lazima kiishe. Bandu bandu huisha gogo.

— Kikombe cha udongo kinaisha kwa kuoshwa?

— Basi labda hukioshi, uchafu umejaa humo ndani, kahawa inakosa pa kukaa.

Mama Birika alichukua birika akakijaza kikombe alichoshika Dakika mpaka ukingoni, kisha kidogo tena, kahawa ikammwagikia vidole. Utafiti wa vikombe ukafungwa hapo, mtafiti akipuliza mkono.

Wakati huo alikuja mwanamke mmoja, mgeni kwetu, ameshika sandali iliyokatika ukanda. Akasalimia, tukaitikia. Akatazama benchi, nalo likamtazama kwa macho yetu sita, hakuna aliyesogea. Fundi akaipokea sandali, akaashiria kwa nyundo kwamba asubiri. Akasubiri kwa mguu mmoja, mkono kwenye nguzo.

— Mimi naona kosa ni la ghala, akasema Bima. Limepakwa rangi juzi.

— Rangi inahusiana nini na mbio?

— Rangi ina unene, Dakika. Ghala limenenepa. Ukikizunguka kitu kilichonenepa, safari inakuwa ndefu. Wewe jaribu kumzunguka shemeji yako.

— Mwache shemeji yangu.

— Nimetoa mfano.

Nami, niliyesoma vitabu vingi kuliko vilivyonisaidia, sikutaka kubaki nyuma. Nikawaeleza kwamba dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kwa kuwa tangu mwezi jana tulimwamuru Cheche aanzie upande wa lango kubwa, huenda anakimbia huku dunia inamvuta shati. Waliniangalia kwa heshima. Hii ndiyo hatari ya kusoma: ukisema upuuzi kwa sentensi ndefu, watu husubiri mwisho wake wakiwa wamevua kofia.

Fundi akatema misumari kiganjani.

— Anasema kisigino kinamuuma.

— Tangu lini? akauliza Bima.

— Tangu mvua zikatike. Lakini nimeshakibadilisha.

— Umebadilisha nini?

— Kisigino. Cha kiatu. Kwanza niliweka raba ya tairi. Akalalamika tena, nikaongeza ngozi. Sasa nafikiria nimshonee jozi mpya kabisa.

Nasi tukatikisa vichwa kwa kuridhika, maana tuliona mzazi anawajibika. Fundi huyu hajawahi kumrudisha mteja. Ukimletea kilio, atakitafutia gundi.

— Maumivu ndiyo kukua kwenyewe, Dakika akatamka. Samaki mkunje angali mbichi.

— Wamesema umkunje, Mama Birika akadakia kutoka kwenye jiko lake, hawakusema umpige kwenye jiwe.

— Na haraka haraka haina baraka, akaongeza Bima. Ndiyo maana tunamharakisha sasa, ili ukubwani asiwe na haraka.

Hakuna aliyepinga. Mimi mwenyewe niliitikia. Ilisikika kama kitu nilichowahi kukipiga chapa kwenye waraka wa wizara.

— Mtoto huyu, akasema Mama Birika, zamani alikuwa anaruka kamba na wenzake hapo mbele. Anadaka mpira. Anapanda ukuta wa watu. Nilikuwa namsikia akicheka nikiwa nachota maji. Mkaja nyinyi na muhuri wenu, mkapiga marufuku.

— Ni suala la kitaalamu, mama, nikamweleza. Tulitaka ajikite kwenye fani moja.

— Mshika mbili moja humponyoka, Dakika akaniunga mkono.

— Kamba ina ncha mbili, na mtoto yule alizishika zote. Sikuona iliyomponyoka.

Dakika akaomba jambo hilo liingie kwenye mengineyo. Nikalipokea. Huko kwenye mengineyo kuna mambo ya mwaka juzi yanaota ukungu.

— Tena msisahau, akasema Bima, huyu mtoto si wa wilaya tu. Mimi namwona mbali. Namwona anashuka kwenye ndege, sisi tumepanga mstari.

— Tumepanga mstari tukiwa tumesimama? Dakika akashtuka.

— Watatuletea viti.

Hapo yule mwanamke wa sandali akabadilisha mguu wa kusimamia. Akakohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye redio kubwa.

— Samahanini, kaka zangu. Huyo mtoto ana umri gani?

— Kumi na mmoja, akasema Fundi.

— Anapumzika siku gani?

Dakika akacheka kwa upole, kicheko cha mwalimu anayeulizwa swali la darasa la kwanza.

— Dada yangu, hilo jepesi. Mimi ninaye Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kwa hiyo anapumzika Jumanne na Alhamisi.

Bima akakuna kidevu.

— Jumanne na Alhamisi ni zangu. Anapanda ngazi za ghala na ndoo ya mchanga. Mimi nilijua anapumzika kwa Katibu.

— Kwangu ni Jumamosi, nikasema. Ni nadharia tu.

— Nadharia ya nini?

— Ya vilima. Yeye anapanda kile cha tangi la maji, mimi namfafanulia nikiwa chini.

— Basi Jumapili, akasema yule mwanamke.

Sote tukamgeukia Fundi kwa matumaini makubwa. Fundi alikuwa anaipanga misumari kwenye goti, mmoja mmoja, kana kwamba mmoja wao ndiye atakayejibu.

— Jumapili hana mazoezi kabisa. Anapeleka viatu kwa wateja. Basi.

— Anapeleka kwa miguu?

— Wateja wanavitaka asubuhi, dada. Kwa mbio.

— Sasa anapumzika lini?

Naomba niueleze ukimya uliofuata, kwa sababu sisi si watu wa kunyamaza. Sisi ndio mabingwa wa kupumzika wa mtaa huu. Tunapumzika asubuhi kwa ajili ya mchana, na mchana tunapumzika ule uchovu wa asubuhi. Suruali zetu huchakaa upande mmoja tu. Hakuna aliyewahi kutukuta hapa tukihema. Lau kupumzika kungekuwa na timu ya wilaya, tungepita bila mchujo. Kitu pekee ambacho Kamati hii inakijua kwa vitendo, kwa mifano hai, kwa uzoefu usio na shaka, ndicho tulichosahau kumpa mtoto. Kila mmoja alikuwa amekiacha kwa mwenzake, kama jamaa waliokwenda kula kwa mkwe, kila mtu akijua mwingine ndiye aliyebisha hodi, wakabaki wote mlangoni.

— Napendekeza, Dakika akasema kwa sauti ndogo, tuahirishe mpaka akidi itimie.

— Akidi imetimia, nikamwambia. Hapo ndipo penye tabu.

Cheche akatokea kwenye kona ya ghala, anatoka shule, mkoba mgongoni. Nilikuwa nimemwona akija hivyo mara nyingi nisimwone. Mguu wa kulia aliutanguliza kwa vidole, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. Akafika, akasalimia wote kwa mpangilio wa umri, akaweka mkoba chini, akakaza kamba za viatu. Kisha akamgeukia Mama Birika.

— Kikombe kimeshamiminwa?

Kilikuwa kimemiminwa. Mkono wa Mama Birika una mazoea yake. Saa ya mtoto kurudi ikifika, humimina wenyewe. Kikombe kilikuwa kimekaa kwenye ncha ya benchi kando ya Dakika, kinafuka moshi. Dakika alikitazama. Mikono yake ilibaki magotini.

Mimi nikasimama. Sikumbuki niliwahi kusimama kikao kikiendelea, wala benchi halikumbuki: ubao ulinyanyuka upande wangu, kikombe kikatikisika, na Bima akaikumbatia nguzo.

— Njoo ukae hapa, mjukuu wangu.

Akaniangalia. Akaangalia nafasi yangu, ambayo imebonyea kidogo.

— Nimefanya nini, babu?

— Hujafanya kitu. Kaa tu.

Akamtazama baba yake, akakaa pembeni kabisa, mgongo umenyooka, kama wanafunzi wanavyokaa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Fundi akasogea na kigoda chake. Akamvua kiatu cha kulia, akakigeuza kwa mazoea, akakagua raba, akakagua ngozi, akapitisha kidole kwenye mshono. Halafu akakiweka chini, akaushika mguu.

Akabonyeza taratibu kwa kidole gumba. Mtoto akavuta pumzi kwa meno.

— Hapa?

— Hapohapo. Nilikwambia, baba.

— Uliniambia, mwanangu.

— Utaongeza ngozi tena?

— Hapana. Tunakwenda kituo cha afya.

— Na Jumamosi?

Fundi akainua macho. Tulikuwa pale wote, Kamati nzima, muhuri ukiwa mfukoni mwangu. Dakika akafungua mdomo. Mama Birika akaliinua birika, kidogo tu, na Dakika akaufunga.

— Jumamosi utalala, Fundi akasema, mpaka njaa ikuamshe.

Cheche akalifikiria hilo kwa muda. Aliliangalia kutoka kila upande, kama zawadi ambayo huenda si yake.

— Na mguu ukipona naweza kuruka kamba?

Hoja ilipita bila kupingwa. Sikuuliza nani anaiunga mkono.

Fundi akavua aproni yake, akatundika nyundo, akakumbuka sandali.

— Dada, yako bado…

— Nendeni, kaka. Haina haraka.

Wakaondoka polepole, kiatu cha kulia kimening'inia mkononi mwa baba, mtoto ameshika mkono wa pili, akikanyagia vidole, akikanyagia vidole, wakalizunguka ghala kwa upande ule ambao dunia, kwa maelezo yangu, humvuta mtu shati. Yule mwanamke akakaa mahali palipoachwa wazi. Ndiye mteja wa kwanza kulikalia benchi lile tangu tulihamie. Mimi nikabaki wima, na haukupita muda magoti yangu yakaanza kunung'unika. Nikayaambia yavumilie, ni dalili ya kukua.

Hakuna aliyenywa. Tulikitazama kile kikombe mpaka moshi ukakatika na utando mwembamba ukajitanda juu, kahawa ikiwa bado imefika ukingoni, haijapungua hata tone. Bima akainama, akachungulia kwa jicho moja, kama tulivyozoea.

— Katibu, akaninong'oneza, kwa kipimo chetu hii ni rekodi.