Kikohozi cha Jumatatu

Baraza langu la kushonea viatu, hapa Temeke, lina benchi moja ambalo watu wamelifanya lao bila kuniuliza. Wanaanza kufika baada ya alasiri, Mwinshehe muuza kahawa akishatua jiko lake la mkaa, na hawaondoki mpaka birika likauke. Siwafukuzi, maana nikishona peke yangu nasinzia. Lakini naomba ijulikane mapema kwamba mie sikuchangia lolote katika ushauri uliotolewa Jumapili ile. Nilikuwa nimeshika sindano tu. Wote walikusanyika kwa ajili ya kifua cha Polikarpo.

Polikarpo ni mtu wa Masasi, mpole kupita kiasi. Kazi yake iko kwenye banda la katani, njia ya Pugu. Analisha mashine ya brashi mafungu ya mkonge mkavu, mashine inayachapa mpaka yanang'aa, na vumbi linabaki humo humo pamoja na watu. Ugonjwa wake ulikuwa na tabia ya ajabu. Jumamosi mzima. Jumapili anaimba besi kanisani. Jumatatu mchana kifua kinambana, anakohoa mpaka machozi. Jumanne kinalegea, na Alhamisi ukimwona huwezi kuamini kwamba aliumwa. Juma linalofuata, vile vile. Sie tukamwita Kalenda.

Tulikuwa tunacheka, mpaka nyapara wao alipomwambia mbele ya watu kwamba kikohozi cha Jumatatu ni pombe ya Jumapili, na Jumatatu inayofuata akikohoa tena asirudi kazini. Siku hizo mtu asiye na kazi mjini alikuwa anakamatwa na kurudishwa kwao. Na mkewe, Rosalia, alikuwa na mimba ya miezi saba.

Wa kwanza kusema alikuwa Ansbert, karani wa posta, mtu wa Bukoba. Tunamwita Mhuri, kwa sababu hata akikwambia mvua itanyesha, anasema kama vile ameshaigongea mhuri.

— Tuanze na ukweli. Unakunywa?

— Sinywi, Bwana Ansbert.

— Hata tone?

— Labda divai ya misa, na hiyo anakunywa padre. Sie tunamwangalia.

— Basi hapo ipo hoja, alisema Ansbert. Wapo watu wanaolewa kwa kuangalia.

Leonardi akamkatiza. Huyu alifagia wodi ya hospitali miaka miwili, na alipoacha kazi aliondoka na maneno yote ya madaktari. Tunamwita Dakta, naye anaitika. Juma lililopita ndiye aliyemweleza Polikarpo kwamba mapafu yakipumzika siku moja yanasahau kazi, ndiyo maana Jumatatu yanashtuka. Dawa yake ni kuyakumbusha. Akamwagiza abebe manyoya ya katani kutoka bandani, ashone mto, aulalie.

— Umeulalia? aliuliza Dakta.

— Tangu Jumatano.

— Na hali?

— Sasa nakohoa na Jumapili.

Dakta hakutikisika hata kidogo.

— Dawa imeshika. Shida yako ilikuwa Jumatatu kutofautiana na siku nyingine. Sasa zinaanza kulingana.

Polikarpo, kwa ule upole wake, akamshukuru.

Mwinshehe alikuwa anamimina kahawa muda wote huo, anatikisa kichwa. Alipoona elimu imeshindwa, akasema yeye alijua tangu mwanzo kwamba hilo ni jini, tena jini la Kikristo.

— Jumapili liko wapi? Liko kanisani, limepumzika. Jumatatu linarudi na nguvu mpya. Ikifika Alhamisi limechoka kama mfanyakazi yeyote.

— Na Jumatatu ya Pasaka, banda lilipofungwa? aliuliza Ansbert.

Polikarpo akafikiri.

— Siku hiyo sikukohoa. Kikohozi kilikuja Jumanne.

Nilidhani Mwinshehe amepatikana. Wala.

— Unaona? Linafuata sikukuu. Jini hilo limeajiriwa na serikali.

Ansbert, ambaye naye ameajiriwa na serikali, hakupenda mazungumzo yalikoelekea. Akashauri iandikwe barua kwa Kiingereza, yenye maneno marefu, nyapara aone haya kuuliza maana yake. Mwinshehe akataka tangawizi itafunwe tangu alfajiri. Dakta akawanyamazisha wote. Kikohozi, alisema, ni pumzi tu inayotafuta njia. Mtu akiizuia kwa ustadi kuanzia mchana mpaka kengele ya kutoka, hakuna nyapara atakayejua. Akamtaka mgonjwa ajaribu pale pale.

Polikarpo akavuta pumzi, akafunga mdomo, akabana pua. Mwinshehe akahesabu. Ishirini na tano, macho yamemtoka. Ishirini na tisa, akapasuka. Alikohoa mpaka akashuka benchini akapiga magoti mchangani, kofia huku, kikombe kule. Hapo sikucheka. Nilimwonea huruma sana, nikajionea haya kwamba nilikuwa nimekaa nasikiliza upuuzi ule wote kama ngoma.

Ndipo alipofika Revelian, mwalimu mpya wa shule, aliyehamia mtaani juzi tu. Alikuja na kiatu kimoja mkononi, soli imebanduka.

— Shikamooni.

Tukaitika marahaba. Akamsaidia Polikarpo kukaa, akauliza kulikoni, na Ansbert akamsimulia yote kwa mpangilio mpaka kwenye jini na sikukuu zake. Revelian akasikiliza, mguu mmoja peku.

— Na wenzako mnaofanya kazi pamoja? alimwuliza Polikarpo. Jumatatu wanakuwaje?

— Wale? Wanakohoa.

— Wangapi?

Polikarpo akahesabu kwa vidole, akarudia tena.

— Wote. Wao kumi na watatu, na mie.

Dakta alimgeukia, karibu kukasirika.

— Mbona hukusema siku zote hizi?

— Hamkuuliza. Halafu wale ni walevi.

— Umewaona wakinywa? aliuliza Revelian.

— Kuwaona, sijawaona. Nyapara ndiye alituambia. Kila mmoja wao anasema hanywi, ila mie nilijua ni mimi tu ninayesema kweli.

Akaangalia mikono yake.

— Gaudens tunasimama naye mashine moja. Mwezi mzima simwamkii. Nilimwambia mkewe amwombee.

— Na nyapara mwenyewe hakohoi?

— Alikuwaga anakohoa. Siku hizi haingii bandani. Anasimama nje, upande unakotoka upepo, anatupigia kelele kutoka huko.

Revelian alipangusa mchanga kwenye kiatu chake, akauliza taratibu, kama vile anamwuliza mtoto darasani:

— Kama ugonjwa ni pombe yenu, yeye huko nje anakimbia nini?

Dakta akainama kuokota kile kikombe mchangani, jambo ambalo sijapata kuliona. Ansbert akachungulia ndani ya kikombe kitupu. Mwinshehe akatangaza kwamba kahawa imekwisha, ingawa alipoinua birika wote tulisikia imo.

Polikarpo akainuka, akaokota kofia yake. Nikamwuliza anakwenda wapi.

— Mtaa wa Mtoni, kwa Gaudens. Kwanza nikamwombe radhi. Halafu tutapita naye kwa wale wengine, mmoja mmoja.

— Mkafanye nini?

— Kesho sitajizuia, fundi. Tutatoka bandani wote kumi na wanne, tusimame pale pale anaposimama yeye, tukohoe. Nione atamfukuza nani.

Akashika njia ya Mtoni na suti yake ya kanisani, akikohoa tangu kwenye kona yetu mpaka tukaacha kumsikia, na safari hii hakujiziba mdomo.