Mwalimu Gideoni na Mbao za Njia ya Mlandege

Wazee wetu, mama zetu, mchungaji wetu, masheikh mliokuja kutufariji, walimu, wanafunzi, na ninyi majirani wa Mlandege ambao tangu jana hamjapata usingizi, mimi ni Lutengano Isakwisa, mdogo wake marehemu, nami nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, Mwalimu Gideoni Isakwisa, kazi ambayo yeye angeifanya vizuri zaidi, maana kati yetu wawili yeye alijaliwa ulimi na mimi nikajaliwa miguu ya kutumwa. Lori mnaloliona pale nje nililileta mimi kutoka Mbeya, kwa agizo la mama yetu, nimrudishe kaka nyumbani Rungwe akiwa mzima au akiwa marehemu, na habari ya lori hilo nitaifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1911, huko Rungwe, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Isakwisa na Mama Atuganile, siku ambayo mvua ilinyesha kutwa, ingawa kwa anayekujua kwetu hiyo si habari ya kusimulia. Alianza shule ya misheni mwaka 1921, akaingia chuo cha ualimu mwaka 1929, akahitimu Desemba 1931, akafundisha Rungwe, kisha Mbeya mjini tangu mwaka 1938, mpaka Januari 1951 alipohamishiwa hapa Iringa. Tarehe 14 Septemba 1935 alifunga ndoa na shemeji yangu Marta, na Mungu akawajalia watoto watatu, Anyitike, Matilda na Paskalina, ambao wote wako hapa mbele yenu.

Ndugu waombolezaji, kazi iliyompa jina kaka yangu katika mji huu ilianza Februari 1955, siku alipowauliza wanafunzi wake mito ya Ulaya wakaitaja yote bila kukwama, akawauliza ni nani aliyechimba kisima wanachokunywa maji yake, asipatikane hata mmoja anayejua. Hapo akaamua kwamba watoto watachora habari za mji wao juu ya mbao, kwa udongo mwekundu, masizi na chokaa, na kila ubao utasimamishwa mahali pake, kuanzia sokoni, kupita baraza za mafundi cherehani, hadi kisimani Mlandege, ili apitaye njia hiyo aujue mji kwa macho yake.

Lakini kaka yangu alikosea, nami nalisema bila aibu kwa sababu ni kosa ambalo ningelifanya hata mimi. Kwetu Unyakyusa vijana wa rika moja hutoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, na kazi hugawanywa kwa rika, kwa hiyo naye akawagawa watoto kwa umri, kila rika na mahali pake, bila kuuliza nani ni wa ukoo gani. Kisima kikaangukia rika ambalo halikuwa na mtoto hata mmoja wa ukoo wa Mzee Kalinga, ambaye babu yake ndiye aliyekichimba na ndiye aliyezikwa kando yake, wakamchora marehemu yule amevaa kanzu na kilemba, kwa kuwa mchoraji alikuwa Mwantumu, mjukuu wa Bwana Mrisho, mtu wa pwani, na babu aliyemjua yeye huvaa hivyo.

Mzee Kalinga alifika shuleni na fimbo yake, akasema mbele ya walimu wote kwamba Mnyakyusa ameligawa kaburi la babu yake kama mtu anayegawa ndizi, na kwamba mgeni hafundishi wenyeji habari za mababu zao. Ubao ukang'olewa, wazazi wengi wakawazuia watoto, wakubwa wa elimu wakamshauri kaka aombe uhamisho, na Mama alipopata habari akaagiza arudi mara moja, maana mtu asiyetakwa hang'ang'anii. Kaka hakuondoka. Alikwenda nyumbani kwa Mzee Kalinga, akaketi chini uani, akaomba radhi, akaambiwa arudi kesho, akarudi, akaambiwa tena kesho, akarudi tena, mpaka mzee, ambaye leo anatikisa kichwa pale mbele huku akicheka na kulia, akachoka yeye kwanza. Akatoa sharti moja tu, kwamba watoto wote, wa Kihehe, wa Kibena na wa watu wa pwani, wakae uani kwake wayasikie mambo kutoka kinywani mwake kabla ya kugusa rangi.

Wakakaa, wakasikia, wakachora upya, na tarehe 20 Agosti 1955 mbao zote zilisimama, na Mwantumu ndiye aliyemchora babu wa Kalinga kwa mara ya pili, akiwa na jembe lake na mgolole wake begani.

Kaka alianza kuugua kifua Novemba mwaka jana, akalazwa hospitali ya mjini mwezi Machi, akafariki jana, Jumatano, tarehe 9 Aprili 1958, alfajiri. Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, Bwana Mrisho aliyetoa sanda na mchele, na akina mama mliompikia shemeji Marta kama ndugu yenu wa tumbo moja. Kwetu tunasema ndaga fijo, asanteni sana.

Na sasa lori. Jana jioni, tulipokuwa tukiliandaa, Mzee Kalinga alikuja na wazee wa ukoo wake, akaniambia kwamba amekwisha kuchimba kaburi kisimani, ubavuni mwa babu yake, mahali ambapo hajazikwa mtu asiye wa damu yao, na kwamba nikimchukua Mwalimu nitakuwa nimemwibia. Nilitaka kubisha, nikalia, nikamwambia dereva azime injini.

Nitarudi Rungwe na lori tupu, na Mama atakuwa ameketi mlangoni, ataniuliza nimemwacha mwanawe kwa nani. Nitamjibu kwamba nimemwacha kwao. Pumzika kwa amani, kaka yangu.