Bunduki ya Soini Inapiga Kulia

Pale njia panda ya kanisani, kwenye ukuta wa kiwanda cha maziwa kilichofungwa zamani, kuna benchi ambalo Jumamosi asubuhi hulikuti tupu. Wanaolikalia ni watu wazima na akili zao, wengine wana wajukuu, ila wana ugonjwa mmoja: bunduki za mchezo, zile za kurusha gololi za plastiki. Huvaa majani mwili mzima wakaenda kuviziana msituni, jioni wakarudi kwa wake zao na kupe. Nyuma ya kiwanda wamejitengenezea uwanja wa majaribio, mita sitini kamili, na mwisho wake wamening'iniza mfuniko wa sufuria. Jumamosi hiyo ya Novemba mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mapaa, hali ya kawaida kabisa kwa upande huu wa Ufini. Kahawa ilikuwa kwenye chupa ya chai, mkate wa iliki ulikuwa kwenye mfuko, na bunduki ya marehemu Soini ilikuwa mapajani mwa Veijo.

Ilikuwa bunduki ya mdunguzi, ya kulenga mbali mtu akiwa amejificha, na Soini aliifanyia kazi majira yote ya baridi yaliyopita. Aliitia mtutu mpya, springi ngumu na pistoni ya chuma, kisha akabadilisha ule mpira mdogo wa ndani unaoisugua gololi itoke ikijizungusha na kuelea mbali. Agosti akalazwa, na baada ya wiki tatu tu akafa. Bunduki alimwachia Veijo, na karatasi imefungwa kwenye mtutu: imekaa sawa, usiiguse.

Haikuwa sawa. Mita thelathini ilipiga katikati, lakini ikifika sitini gololi ilikata kona kulia, shubiri mbili nje ya mfuniko, kila mara. Veijo alihangaika nayo miezi miwili na roho ilimuuma, maana kila alipogeuka alikutana na jambo lile lile asilotaka kulisikia: kwamba fundi bora kuliko wote aliowajua ameondoka duniani akaacha kazi mbovu.

Wa kwanza kutoa ushauri alikuwa Jorma, waliyembatiza Mizani kwa sababu hupima gololi moja moja kwenye kimizani kama cha sonara.

— Gololi hizo. Zina mapovu ndani, nakwambia.

Veijo akamkumbusha kwamba gololi zenyewe alimpa yeye, tena kwa kujisifu.

— Basi springi. Ikijikunjua inajipinda, inaisukuma bunduki upande. Na wewe nawe huishiki, unaibembeleza.

Veijo akasema ameshaifunga kwenye gogo kwa mikanda, haijatikisika hata kidogo, na bado ilikwenda kulia. Mizani akamega mkate.

Hapo akaingia Taisto, dereva wa basi mstaafu, ambaye jina lake la kijiweni ni Hali ya Hewa. Kwake hakuna gololi iliyowahi kukosa kwa kosa la mtu. Alianza na upepo. Akaambiwa leo hata moshi wa dohani umesimama wima. Akahamia kwenye baridi, kwamba inakaza mpira. Akaambiwa Septemba hakukuwa na baridi, na ilikwenda kulia vile vile. Akasema basi ni sauna, lile bafu la mvuke: Soini alikuwa akitundika bunduki zake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ukuta mmoja na jiko, mtutu umepata joto upande mmoja ukapinda. Mizani akautoa mtutu, akauchungulia kwa jicho moja, akaurudisha. Ulikuwa umenyooka. Taisto akanywa kahawa, akapandisha dau.

— Dunia inazunguka, bwana. Wadunguzi wa jeshini wanaipigia hesabu hiyo.

— Wale wanapiga kilomita, wewe unapiga mfuniko wa sufuria, Mizani alisema. — Dunia ina kazi nyingine.

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Tangu mazishi vicheko vya benchi lile vilikuwa vifupi. Mizani akajifuta makombo, akasogea karibu na Veijo.

— Mzee mwenzangu, tuseme ukweli. Nimekamulika kale kampira kwa tochi. Kamekaa kombo. Mtu hakosei hivyo ila mikono iwe imeshamkataa.

— Alikaweka Januari. Alilazwa Agosti.

— Basi alichoka mapema. Hakuna ubaya, hata sisi tutachoka. Nimekuja na mpya. Lete tukatoe.

Bisibisi ilikuwa tayari mkononi mwake. Veijo aliiangalia bunduki, akaona hana hoja tena, akaanza kuifungua kitako.

Ndipo akafika Henna, mpeleka barua, aliyejiunga nao mwezi uliopita na hakuwahi kumwona Soini hata siku moja. Aliegemeza baiskeli ya posta, akamiminiwa kahawa, akaelezwa kisa chote kuanzia mapovu hadi dunia. Alisikiliza kwa heshima ya mgeni.

— Mliipokea ikiwa hivi hivi?

— Hivi hivi, Mizani alisema. — Darubini tu ilikuwa imelala kulia. Tuliinyoosha siku ile ile.

— Na yeye alikuwa akiishikaje?

Mizani akaitazama bisibisi. Miaka kumi na moja walicheza na Soini, na hakuna kati yao ambaye hakupigwa naye gololi ya mgongo akiwa anajiona amejificha vizuri. Lakini kumwona amelala na bunduki begani, hakuna aliyewahi. Kutoonekana ndiyo iliyokuwa kazi yake, na wao walimsifu kwa hilo.

Veijo alikikaza tena kitako, akasimama, akaenda nyuma ya kiwanda, akalala kifudifudi kwenye turubai lenye maji. Wengine wakamfuata. Alipiga bunduki ikiwa wima: shubiri mbili kulia. Akailaza kidogo kushoto, kuelekea usoni kwake. Henna, mwenye darubini ya mkono, akasema shubiri moja. Akailaza zaidi, akasikia ukingo wa mfuniko umeguswa. Akailaza tena, mpaka kitako kikamfuata shavuni chenyewe, na mfuniko ukalia katikati. Akapiga tano mfululizo, na zote zikalia.

— Kumbe alikaweka kombo makusudi, Mizani alisema polepole. — Bunduki ikilala kushoto kenyewe kanakaa juu, na darubini kama alivyoiacha ingesimama wima. Kapime uone, hajakosea hata unywele.

Furaha ilimjaa Veijo kifuani, kazi ya rafiki yake ilikuwa safi. Akabaki amelala vile vile, na ndipo akagundua kwamba shingo yake haikuwa imepinda. Mtu yeyote huinamisha kichwa kuifuata bunduki. Hii ilikuwa imeletwa kwenye kichwa kisichoweza kuinama. Akakumbuka daktari alivyosema hospitalini, kwamba ugonjwa ulianzia kwenye mifupa ya shingo na ulikuwa wa siku nyingi. Wao walidhani siku nyingi maana yake ni wiki. Furaha ikamtoka yote, na badala yake akaona aibu.

Aliwaeleza akiwa bado chini, bila kugeuka.

— Januari alikuwa anakuja hapa? Henna aliuliza.

— Kila Jumamosi, Taisto alisema. — Alikuwa anakaa pale mwisho, karibu na mlango.

— Na hakuwaambia?

Mizani alikuwa anaigeuzageuza bisibisi. Taisto aliangalia mawingu.

— Tungemsikia saa ngapi, Veijo alisema. — Tulikuwa tunabishania springi.