Kambale Kumi na Mmoja wa Bwawa la Kalundwe

Ndugu Katibu wa Chama wa Wilaya, Padri wetu wa parokia, Ndugu Mwalimu Mkuu na walimu wenzako, wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji, akina mama mlioacha ulezi uanikoni mkaja kutusikiliza, na ninyi nyote wanakijiji wenzangu wa Kalundwe: wakubwa wangu shikamooni, na wadogo zangu nawasabahi. Mwisho kabisa, lakini si kwa udogo wa heshima, namsalimu Ndugu Tuntufye Mbonile, Bwana Samaki wetu, pamoja na mkewe, Mama Atuganile. Miaka minne wamekaa nasi. Kesho kutwa lori litawashusha Sumbawanga mjini, na kutoka hapo watashika safari ya Tunduru, walikohamishiwa.

Mnanifahamu. Mimi Oswaldi, mwenyekiti wenu, sikosi maneno. Leo ninayo machache, na nimeyabeba tangu mwaka wa sabini na sita.

Mnakumbuka tulivyokuwa tulipohamia hapa? Tulikuja na milango yetu kichwani, tukajenga kabla mvua haijatukuta, na mwaka ule wa kwanza watoto wetu walikula ugali na majani mpaka miguu ikavimba na nywele zikawa nyekundu. Zahanati wakatuambia: wapeni maharage, mayai, samaki. Samaki! Dagaa wa Kirando walitufikia mara moja kwa mwezi, tena wakati mwingine lori lilipopita tulibaki na harufu tu. Ndipo akaja kijana huyu kutoka Tukuyu, mwembamba, na baiskeli yake, akatembea bondeni siku tatu, akasema bwawa linaweza kuchimbwa mahali pamoja tu. Mahali penyewe palikuwa shamba la Mama Bertilla.

Shamba lile lilifunguliwa na marehemu mumewe kwa jembe la mkono. Mimi nilitaka kutoa amri tu, liishe. Ndugu Tuntufye akanizuia. Akaenda mwenyewe kwa Mama Bertilla mara ya kwanza, akafukuzwa. Mara ya pili akakuta anapepeta ulezi, akakaa chini akapepeta naye, wala hakutaja bwawa. Mara ya tatu mama akamuuliza, "Mwanangu, nikilitoa, hawa wajukuu watakula?"

Akajibu, "Watakula, Mama."

Basi tukachimba. Kiangazi kizima, kwa majembe na karai, upepo wa Juni ukitukata masikio. Mvua zikajaza. Mwezi wa pili tukaenda misheni kuchukua vifaranga vya perege, tukavibeba ndani ya madebe yaliyofunikwa majani ya migomba, na kila kijito tulichovuka alitusimamisha tubadilishe maji. Tulipofika, mimi nilitaka kumwaga. Akasema, "Taratibu, Mwenyekiti. Zamisha debe kwanza, maji ya ndani yazoeane na ya nje. Kisha waache watoke wenyewe." Tukasimama majini hadi magotini, tukawatazama wakitoka mmoja mmoja.

Kisha akatufundisha jambo lililotuchekesha. Alisema perege huzaa sana, na wakijazana bwawani hudumaa, wanabaki kama kidole. Kwa hiyo wakishakua na kuanza kuzaa, tutatia kambale wachache, wadogo, wapate kula vile vifaranga vya ziada. Mzee Zenon akasema, "Bwana Samaki, nani anafuga fisi katika zizi la mbuzi?" Naye akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, ukipanda punje kumi za mahindi katika shimo moja, utavuna nini?" Lakini Ndugu Tuntufye aliongeza neno moja, na neno hilo nililisikia vizuri kuliko watu wote: kambale aingie kwa wakati wake. Maji ya Ufipa ni baridi, samaki hukua polepole. Akiingia mapema, atamaliza kila kitu.

Ndugu zangu, sasa nafika mahali ambapo miguu yangu inasita.

Mwezi wa sita ikaja barua kwamba viongozi watapita kwenye sherehe za Saba Saba kuangalia bwawa letu. Nikatazama bwawa. Nikaona perege wa urefu wa kidole gumba. Nikajiuliza, viongozi wote hawa nitawaonyesha nini? Nikatuma watu Bonde la Rukwa, wakaniletea kambale kumi na mmoja, kila mmoja urefu wa mkono wangu.

Ndugu Tuntufye aliposikia alikuja mbio, akaacha baiskeli imelala njiani. "Mwenyekiti, bado," akasema. "Perege hawajazaa. Tukiwatia hawa leo, Oktoba hatuna bwawa."

Nikamwambia, "Mwenyekiti wa kijiji hiki ni nani? Tia."

Akanisihi mara ya pili. Kisha akawatia.

Naona mnatazamana. Naona Halmashauri inanong'ona. Nong'oneni, ni haki yenu. Mama Bertilla, nakuomba uketi, nimalize.

Saba Saba ikapita vizuri sana. Kambale wakarukaruka, viongozi wakapiga makofi, mimi nikapigwa picha. Oktoba ikafika, tukavuta kokoro. Akina mama mmepanga vikapu ukingoni, Mama Bertilla uko mbele, mgongoni una mjukuu wako Silvana, miguu imemvimba. Wavu ukaja mwepesi. Nani aliyekuwapo atausahau wepesi ule? Kambale wanne wanene, na perege tisa. Kijiji kizima, perege tisa.

Mtu akauliza, "Nani aliwatia hawa walafi?"

Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya wavu. Nilitazama maji. Nilihesabu moyoni, nitasema sasa, nitasema sasa. Na kabla sijafungua mdomo, kama kweli ningeufungua, Ndugu Tuntufye akatoka mbele akasema, "Mtaalamu ni mimi. Nilijua wakati haujafika, na mikono iliyowatia ni yangu. Kosa ni langu."

Mkamwita Bwana Kambale. Mama Atuganile akifika kisimani, mazungumzo yalikatika. Nilisikia yote hayo, na nikaendelea kufungua mikutano yenu na kuifunga.

Nilimwendea Ndugu Tuntufye siku ya tatu, nikamkuta nyuma ya nyumba akiziba debe lililotoboka. Nikamuuliza kwa nini. Aliendelea na kazi yake, akasema, "Mwenyekiti, mimi nitahamishwa siku moja. Wewe utabaki nao. Kijiji kisichomwamini mwenyekiti wake hakitachimba tena, na watoto hawa hawawezi kusubiri." Nikamwambia ahsante. Nilipaswa kukataa. Nilisema ahsante, nikaenda nyumbani nikala chakula cha jioni.

Na yeye, je, alikaa akilia? Alifungua bomba la kutolea maji, bwawa likakauka, akaingia katika tope siku tatu kuwatafuta kambale waliojificha, maana mmoja tu akibaki kazi yote ni bure. Aliwapata wote saba. Wakati huohuo mkewe, ambaye hakuna mwanamke aliyemsalimu, alikuwa akitenga kikombe cha maziwa na bakuli la maharage kila asubuhi na kuyapeleka kwa Silvana. Kila asubuhi, hata ile ya mvua ya mawe. Silvana leo yuko darasa la kwanza.

Februari alipojiandaa kwenda tena misheni, hakuna aliyejitolea kumsindikiza. Akaondoka peke yake na baiskeli. Alipofika mtoni akasikia hatua nyuma, akageuka, akamwona Mama Bertilla ana debe kichwani. Nilimuuliza mama huyu baadaye ilikuwaje. Akanijibu, "Alinifuata mara tatu nikiwa simtaki. Na mimi siwezi kumfuata mara moja?"

Safari ile tulingoja. Tulingoja baridi ipite, tukangoja perege wazae, na kambale walioingia walikuwa wadogo kama kidole. Mavuno ya mwaka jana mnayajua, sina haja ya kuyasimulia: perege wapana kama kiganja kilichofunguliwa, na hakuna nyumba iliyolala bila mchuzi. Mlimsifu siku ile, lakini mlimsifu kama mtu aliyesamehewa. Hamkuwa na la kumsamehe.

Ndugu Katibu, nasema mbele yako na mbele ya Padri, bila kulazimishwa na mtu: amri ile ilikuwa yangu. Uchaguzi wa kijiji uko karibu, na wanakijiji wataamua wanavyoona.

Ndugu Tuntufye, umeinamisha kichwa kana kwamba ni wewe unayeungama. Kiinue, ndugu yangu. Huko Tunduru usiende na mzigo wangu. Mizigo yako inatosha. Niliazima heshima yako miaka mitatu, nami narudisha imechakaa, hilo ndilo linaloniuma. Mama Atuganile, kwa lugha ya kwenu mliyotufundisha: ndaga fijo, ahsante sana. Kwa maziwa, kwa maharage, na kwa kila asubuhi uliyopita mbele ya mlango wangu ukanisalimu, nawe unaujua ukweli.

Nimemaliza. Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mpaka mwisho, hasa mliotamani kuondoka. Mama Bertilla bado amesimama, na ameinua mkono. Ndugu Katibu, kwa ruhusa yako, anayestahili kusema baada yangu ni yeye. Mama, karibu mbele. Sema lolote.