Aliyegonga Ukuta wa Tangi

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1950, mtoto wa pili wa fundi viatu, katika nyumba ya mwisho ya mtaa wa nyuma ya soko. Uani palikuwa na tangi la kukingia maji ya mvua. Akiwa na miaka sita alilichungulia, akatumbukia. Shangazi yetu, huyu aliyekaa hapo mbele, ndiye aliyemvuta kwa kola ya shati. Tangu siku hiyo marehemu aliogopa maji vibaya sana. “Hata uso alinawa kwa kitambaa,” shangazi husema, “eti maji ya beseni yanamtazama!”

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, akaingia sekondari mwaka 1965, kisha akasomea kazi za maabara. Darasa lao lilipokwenda matembezi mtoni, yeye alijitolea kulinda mabegi.

Tarehe 4 Februari 1974 aliajiriwa katika maabara ya chuo cha michezo. Alidhani atapewa darubini. Mkuu wake akamfungulia chumba cha chini, na humo mlikuwa na tangi la chuma, refu kuliko mtu, limejaa maji vuguvugu, na juu yake kiti kinachoning'inia kwenye mizani. Kazi ilikuwa kupima miili ya wanamichezo, kujua kiasi gani ni mafuta na kiasi gani ni misuli na mifupa. Mafuta huelea, misuli na mifupa huzama. Kwa hiyo mtu alipimwa uzito nchi kavu, halafu akapimwa tena ndani ya maji, na tofauti ndiyo iliyotoa jibu. Lakini hewa nayo huelea, basi ilibidi mpimwaji atoe pumzi yote, ainame mpaka kichwa kizame, na atulie hivyo hadi mshale wa mizani usimame. Baba alisikia hayo, akarudi nyuma hadi mlangoni. Alitamani kuacha kazi siku hiyohiyo, ila aliona aibu.

Kumbe hakuwa peke yake. Wanaume wenye vifua kama makabati walichomoka majini wakipiga mayowe. “Kaka, nishike mkono basi,” walimwomba. Hakuweza, maana ukimgusa mtu mizani inadanganya. Ndipo akabuni njia yake. “Wewe shuka,” aliwaambia, “mimi nitagonga ukuta. Ukisikia ko, ko, ko, ujue nipo.” Akawa anagonga taratibu kwa kijiko chake cha chai, na watu wakatulia. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia humo hata mara moja, mpaka alipostaafu mwaka 2010.

Mama yetu, mrusha tufe, alishuka kwenye tangi hilo mwaka 1977 akitetemeka. Katikati ya kupimwa, kijiko kikanyamaza. Mama akaibuka amewaka. “Wewe! Mbona umeacha kugonga? Nilidhani umekwenda zako!”

“Samahani, dada. Nilikuwa nakutazama.”

“Cha kutazama ni mshale, siyo mimi!”

Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1978, na kuanzia hapo baba aligonga kwa pete.

Januari 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Daktari alitueleza kwamba maji yalikuwa yanajaa kwenye mapafu. Baba alinigeukia, mimi kitindamimba wake, macho yamemtoka. “Umesikia? Yamenifuata mpaka ndani.” Nilitaka kucheka ili nimchangamshe, nikashindwa. Alikataa kulala chali. Alikaa ameng'ang'ania vyuma vya kitanda, na siku moja akaniambia jambo lililokuwa likimsumbua kuliko maumivu: “Kule chini nitakuwa peke yangu, mwanangu. Nani atagonga?”

“Mimi, baba.”

Akavua pete, ilikuwa imelegea sana kidoleni, akanipa.

Asubuhi ya tarehe 21 Agosti pumzi zilianza kukatika. Nikagonga chuma cha kitanda. Mama akanishika bega: “Usiache, binti yangu. Usiache kama yeye alivyoniacha siku ile.” Sikuacha. Baba alilegeza vidole, akatoa pumzi ndefu kama alivyowafundisha watu miaka yote ile, na hakuvuta nyingine.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na dada yake aliyemtoa majini.

Ndugu zangu, nalitazama kaburi hili na naogopa. Naogopa kwa ajili yake, kwa sababu namjua. Jeneza halijashushwa bado, na pete ninayo kidoleni. Nikikunja karatasi hii nitasogea niligonge. Naomba tunyamaze kidogo, asikie.

Mungu amlaze pema, na asiogope tena.