Glasi ya Kwanza Haimwagwi

Tarehe thelathini Juni, saa kumi jioni, fundi wetu wa mashine za bia ya bomba atatundika koti lake la kazi kwenye msumari wa tatu kutoka mlangoni, na safari hii hatalivaa tena. Ametimiza miaka thelathini na moja katika karakana hii ya friji na mashine za bia. Msumari huo aliupigilia mwenyewe wiki yake ya kwanza. Mingine yote imeng'oka, pamoja na ule nilioupigilia mimi, ambaye kwa kupigilia misumari sijaona mpinzani.

Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu huu, na kama kawaida kazi nzito ikanijia mimi, yule ambaye vijana humwita Mjomba. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, mashahidi hawakubaliani. Lakini nimekaa meza ya pili kutoka kwa mstaafu kwa miaka ishirini na sita, na hakuna profesa aliyewahi kukaa hapo.

Alianza kwa kusugua kutu kwenye friji kuukuu. Baadaye watu wakaanza kuweka mashine za bia majumbani: friji fupi, pipa la bia ndani, mtungi wa gesi ubavuni, na juu yake shingo ya chuma yenye koki. Meneja akatafuta mtu wa kuzihudumia. Mimi nilijitolea kabla hajamaliza sentensi, naye akajibu mbele za watu, "Wewe? Nimkabidhi fisi bucha?" Akamteua mstaafu wetu, kwa sababu moja tu: hanywi. Mpaka leo hajaonja. Fundi mkuu wa bia wa mji mzima huijua bia kwa macho, kwa kipimajoto, na kwa kuushika mpira unaopitisha bia kwa vidole viwili kama daktari anayepima mapigo ya moyo.

Wakati ule tulikuwa na desturi yetu. Fundi akimaliza kazi kwa mteja, hujaza glasi ya kwanza, inatoka povu tupu, anaimwaga. Tuliita kuosha koo la mashine. Ya pili inatoka nzuri, mteja anatia sahihi, tunaondoka kifua mbele. Jioni mteja anarudi kutoka kazini, anajaza glasi moja, maana ni mtu mmoja mwenye kiu moja, anapata povu la kunyolea ndevu. Anapiga simu. Tunakwenda, tunamwaga ya kwanza, ya pili nzuri, sahihi. Tulizunguka hivyo miaka mitatu tukiambiana kwamba wateja wa siku hizi ni wakorofi.

Mstaafu ndiye aliyekataa kuimwaga. Alipomaliza kazi alifunga koki, akakalia sanduku lake la vifaa, akasubiri saa mbili nzima, ndipo akajaza glasi. Alisema mteja hanunui glasi ya pili. Hapo ndipo tulipompa jina la Glasi ya Kwanza, na wala halikuwa jina la heshima.

Kwa kusubiri huko aligundua kitu ambacho mimi pia ningekigundua kama ningekuwa na muda. Bia ya kwenye pipa imelala kwenye baridi. Ile iliyobaki ndani ya mpira, kule juu kwenye shingo, inapashwa pole pole na joto la chumba, na bia yenye joto haishiki gesi. Ukifungua koki, ndiyo inayotangulia, na povu lake. Ikishapita, shingo imepoa, na glasi ya pili inatoka kama malaika. Basi akachukua feni ndogo kutoka kwenye kompyuta iliyokufa, akaifunga chini ndani ya friji, akaiunganisha na kibomba cha plastiki kinachopuliza baridi mpaka nyuma ya koki. Shingo akaivisha sponji. Kwisha. Mimi nilikuwa nimependekeza tuwashauri wateja wahamie nyumba zenye ubaridi, na bado naona halikuwa wazo baya.

Subira yavuta heri, lakini kwetu mwanzoni ilivuta lawama za Meneja, aliyetaka mashine tano kwa siku na akapata mbili. Wateja nao ilibidi wamzoee mgeni aliyekaa kimya sebuleni saa mbili. Bibi mmoja alimpa mchele achambue. Nyumba nyingine alimaliza kungoja, akajaza glasi, akakuta wenyewe wameshalala usingizi wa mchana, akaandika karatasi: "Povu vidole viwili. Fungua koki yote kwa mara moja, usiifungue nusu kama mwizi anayefungua mlango." Karatasi hiyo nasikia wameitia kwenye fremu.

Sasa nifike kwa daktari wa meno.

Hadithi hii mmeisikia kutoka kwangu mara nyingi, miaka kumi na minne sasa, kwenye chai na kwenye misiba. Daktari alikuwa amelalamika mara mbili. Akaandika barua kwamba Jumamosi anatimiza miaka hamsini, wageni arobaini, na glasi ya kwanza ataijaza mwenyewe mbele yao. Meneja akamwita mstaafu, mlango ukiwa wazi: "Jumamosi likitoka povu, Jumatatu usije." Wakati huo mstaafu alikuwa na nyumba iliyofika kimo cha madirisha, na mke aliyekwisha kununua mapazia. Alhamisi akaenda, akafunga feni, akasubiri saa zake mbili, akaondoka ameridhika. Jumamosi koki ikafunguliwa, povu likaruka mpaka kwenye taa ya dari, likamwangukia paka, na yule paka akalamba masharubu mpaka Jumatatu. Daktari akapiga simu: "Fundi, nimeng'oa meno yenye mizizi mirefu, lakini subira yangu umeing'oa wewe!"

Hapo katika hadithi yangu ndipo ninapoingia mimi, naangalia mashine mara moja, nageuza kitu kimoja, na wageni wananibeba juu juu.

Niliingia kweli. Ila niliingia Ijumaa. Nilipeleka pipa jipya, nikaona geji ya gesi iko chini, nikamhurumia mwenzangu. Nikasema mwanamume hupewa presha. Nikaikamata skrubu ya kupandishia gesi kwa koleo langu, nikapandisha gesi karibu mara mbili, na nikapiga mluzi njia nzima ya kurudi.

Jumamosi mstaafu alifika, akapiga magoti, akatazama geji. Skrubu ilikuwa na alama za meno ya koleo. Katika karakana hii ni mtu mmoja tu ageuzaye skrubu ya gesi kwa koleo badala ya vidole, na mtu huyo alikuwa nyuma yake, amekuja kusaidia, anatazama dari. Mstaafu aliniangalia. Akapunguza gesi, akaitoa iliyozidi kidogo kidogo, akafunga koki, akawaambia wageni arobaini: "Naomba saa mbili." Nakuapieni, walikaa. Waliimba, wakala keki, wakamaliza na soda. Saa mbili zilipotimia, daktari akafungua koki yote kwa mara moja. Povu vidole viwili. Alilia, na watu wa meno hawalii ovyo.

Jumatatu Meneja akauliza nani aligusa gesi. Mstaafu akasema, "Gesi nayo ina siku zake, mkubwa." Akarudi mezani kwake. Hajawahi kunitajia jambo hilo, hata nilipokuwa nikisimulia ushujaa wangu naye ameketi pale pale, kikombe mkononi, akitikisa kichwa kama anayesikia kwa mara ya kwanza. Mwezi uliofuata nyumba ilifika kwenye paa, na mapazia yakapata madirisha.

Mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kuumbuliwa na mtu mwingine ilhali ninaweza kujiumbua vizuri zaidi. Meneja, ulitaka jina: ni langu.

Ndugu yetu, tunakushukuru kwa mashine elfu mbili mia nne na zaidi, kwa vijana sita uliowafundisha kusubiri, na kwa kikombe ulichoshika kimya. Mkeo tunamwomba radhi mapema: atapata mume anayesubiri chai ipoe kwa kipimajoto. Uishi salama ndani ya nyumba ile, na usingizi wako uwe wa mtu asiyedaiwa jibu na geji yoyote.

Mashine iliyo kwenye kona ya ukumbi nimeifunga mimi. Feni inazunguka, gesi nimeipima kwa vidole, na koki imefungwa tangu saa nane, hakuna aliyeigusa. Saa kumi tunakuomba ufungue wewe, ujaze glasi ya kwanza, umpe umtakaye. Likitoka povu, ni mimi.