Wageni Mia Tatu wa Mapazia

Benchi la kijiwe hiki ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya duka la mshonaji na banda la fundi redio. Ukikaa mwisho wa kushoto, sharti mwenzako akae mwisho wa kulia, la sivyo unajikuta chini na kahawa yako mapajani. Ubao wa zamani ulipasuka miezi miwili iliyopita. Huu wa sasa ulikuwa kibao cha duka la mshonaji, ulikaa juu ya mlango wake wa bluu miaka mingi, ukashushwa siku alipopata tovuti. Wazee wa kijiwe waliona kibao hakina kazi tena, wakakigeuza maandishi yaangalie chini ili rangi isichafue suruali. Ndipo wanapokaa kila asubuhi na kutengeneza dunia, wakisubiri muuza kahawa ajaze vikombe.

Mshonaji mwenyewe huitwa Mapazia, maana hashoni kingine. Asubuhi hiyo alikuja na uso uliokunjamana, simu mkononi, futikamba shingoni. Mkewe alikuwa amemwambia wakiwa bado mezani: kaka anataka jibu leo. Kama mteja hajaja, funga duka, nenda ukamsaidie kule ghalani. Huyo kaka, shemeji yake Mapazia, ana ghala la magunia, na anahitaji mtu wa kukaa mlangoni kuandika yaliyoingia na yaliyotoka. Ni mdogo kwa Mapazia kwa umri, lakini humwita "kijana wangu" mbele za watu. Mapazia aliona heri kutafuna chaki yake ya kushonea kuliko kuamka kila siku akamsalimie yule kama bosi.

— Wageni wamefika mia tatu, alisema, akaketi katikati, pahali pa usalama. Akainua simu waone ile tarakimu iliyo chini ya ukurasa, inayohesabu watu walioingia kwenye tovuti. Mia tatu. Na mlangoni kwangu, aliongeza, hajakanyaga mtu.

— Wako njiani, alisema Satelaiti.

Satelaiti ndiye fundi redio. Aliwahi kupanda juu ya paa la hoteli kufunga dishi, na tangu hapo jambo lolote linalopita hewani huulizwa yeye.

— Njiani wapi? Huu mwezi wa pili.

— Inategemea ametokea wapi. Tovuti anaiona leo, lakini mwili una safari yake.

Mapazia aliona kuna kitu hakikai sawa katika jibu hilo, ila hakujua ni kipi. Alipokea kikombe, akapuliza.

Waziri akasogea karibu. Huyu hakuwahi kuwa waziri wa kitu chochote. Alikuwa tarishi katika ofisi kubwa, akibeba mafaili kutoka mlango mmoja hadi mwingine mpaka akastaafu, na huko milangoni aliokota tabia ya kushusha sauti.

— Hao si wateja, alisema. Hao ni wachunguzi.

— Wanachunguza nini?

— Anaingia. Anaangalia pazia. Anaangalia pindo. Anatoka kimya. Nikiwa ofisini niliwaona sana watu wa namna hiyo.

— Wachunguze pindo langu ili iweje?

— Hilo hawawezi kukwambia. Wakikwambia watakuwa si wachunguzi.

— Wacha kumtisha mwenzio, alisema Dalali, ambaye hupangisha vyumba na hajawahi kukiri kwamba chumba ni kidogo. Tatizo ni tovuti yenyewe, haimkaribishi mtu. Mteja anataka ajione ameingia ndani. Weka picha ya mlango. Akiubonyeza, unafunguka. Pazia linapepea. Kinanda kinalia.

— Kinanda?

— Kwa mbali.

— Duka langu halina kinanda, bwana.

— Na kwenye tovuti si dukani.

Satelaiti alitikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa aliyecheleweshwa. Alisema wanahangaika na mapambo wakati ugonjwa unajulikana. Tovuti ikifungwa inalala. Ikilala, zile zilizo macho zinapanda juu yake, na ikishakaliwa haiinuki tena.

— Ndiyo maana nilikwambia usiifunge, aliongeza.

— Sijaifunga. Mchana kutwa iko wazi juu ya cherehani. Bando linaisha kabla ya chakula cha mchana.

— Sasa mzigo wote huo ukibebwa na mtu mmoja, unafikiri ni haki? Ndiyo maana mimi nakusaidia kimyakimya.

— Unanisaidiaje?

— Kila simu inayoletwa bandani kutengenezwa, ikishapona tu naijaribu kwa tovuti yako. Naifungua, naiangalia, naifunga.

Waziri akaweka kikombe chini.

— Hata mimi, alisema. Nikiamka tu, kabla sijapiga mswaki, naingia kwako kwanza. Naona nikuongezee nguvu.

— Mimi naifungua kwa simu zote mbili, alisema Dalali. Na wapangaji wangu nimewaagiza. Anayeomba nimvumilie kwa kodi, namwambia haya, ingia kwanza kwa Mapazia.

Mapazia aliwatazama mmoja mmoja.

— Kwa hiyo ile mia tatu ni nyie?

— Si wote, alisema Satelaiti, akijaribu kupiga hesabu. Na wewe mwenyewe umo.

Mapazia alitaka kukasirika, akashindwa. Walifanya kwa kumpenda, hilo lilionekana kwenye nyuso zao, na ndilo lililomuuma zaidi. Miezi miwili amekuwa akijiliwaza kwa ile tarakimu, akimwambia mkewe watu wanaongezeka, mama watoto, wanaongezeka, subiri tu. Kumbe kila usiku alikuwa akihesabu benchi.

— Labda yule binti hakuitengeneza vizuri, alisema Dalali.

— Binti alitengeneza vizuri, alisema Waziri. Sisi tulimsimamia.

Ni kweli walimsimamia. Binti wa dada yake Mapazia ana kazi hiyo ya kutengenezea watu tovuti, na alikuja na kompyuta begani, akakaa papa hapa akawaonyesha alichoandaa. Juu kabisa aliweka namba ya simu kwa maandishi makubwa. Chini yake aliandika mtaa, akaweka picha ya mlango wa bluu, kisha bei ya kushona pazia la dirisha la kawaida. Waziri akasema namba ya simu hadharani ni kuwaita matapeli, itoke, na kwa usalama zaidi Mapazia abadilishe laini kabisa. Satelaiti akasema mtandao ni wa dunia nzima, ukiandika mtaa au ukionyesha mlango umejifungia mtaani, mtu wa mbali ataona umbali atakata tamaa. Dalali akasema bei haiandikwi, bei inazungumzwa. Kila mara binti alisema, "Sawa, mjomba," akafuta. Mwisho aliuliza kama wana uhakika. Wakamwambia anywe kahawa, itapoa.

Kilichobaki kilikuwa kizuri mno. Picha za mapazia, moja baada ya nyingine, zikipita polepole, bila maandishi ya kusumbua macho. Mapazia alibadilisha laini siku ileile. Hiyo laini mpya wanayo watu wawili, mkewe na shemeji.

— Tuibadilishe tovuti rangi, alisema Satelaiti. Bluu inapoa haraka.

— Nyekundu, alisema Dalali.

— Nyekundu ni ya hatari, alisema Waziri. Nikiwa ofisini faili jekundu...

Hakumaliza. Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama mbele yao, amevaa sare ya hospitali na viatu vyeupe, na alionekana mtu mwenye haraka anayejitahidi kuwa na adabu.

— Hamjambo kaka zangu. Samahani, huku kuna mtu anayeshona mapazia?

Benchi zima liligeuka kumwangalia Mapazia, naye kwa mshtuko akasahau kujibu. Yule mama akadhani hawajaelewa, akatoa simu yake.

— Kuna mmoja nilimpenda sana humu. Tazameni. Kazi safi, pindo limenyooka. Nimebonyeza kila mahali mpaka kidole kimechoka. Namba hakuna. Mtaa hakuna. Nikajua tu huyu yuko ng'ambo.

— Umeona? Satelaiti alimnong'oneza Mapazia, akimpiga kiwiko kwa furaha. Ng'ambo.

— Ni mimi, alisema Mapazia.

Mama akamtazama yeye, akatazama mlango wa bluu nyuma yake, akatazama simu, akarudi kwake.

— Wewe?

— Mimi mama. Karibu. Karibu ndani, vitambaa vipo.

— Mimi mwezi mzima sasa, tangu nihamishiwe hospitali hii, napita hapa kila siku kwenda kazini. Kila siku. Najua kuna mlango wa bluu, nikidhani ni stoo. Na nyinyi nawaona mmekaa.

Aliguna, si kwa hasira, akarudisha simu kwenye mkoba.

— Basi nimechelewa, baba. Mapazia ya wodi nzima nilimpa mwingine jana. Yule kabandika namba yake kwenye nguzo ya umeme. Kushona kwake si kama huku kwako, lakini nilipiga akapokea. Kwangu limebaki dirisha moja tu, la chumba cha daktari.

Wodi nzima. Mapazia aliziona zile fimbo za kutundikia pazia, kitanda kwa kitanda, na kitambaa kikishuka hadi karibu na sakafu. Kazi ya miezi. Kazi ya kumjibu shemeji bila hata kufungua mdomo. Aliona huruma, akashangaa kwamba ilikuwa huruma ya kujihurumia mwenyewe, mbele ya watu, asubuhi na mapema hivyo.

— Sasa nikuulize, alisema yule mama, maana mimi mambo haya ya mitandao siyajui. Mtu akikutaka, anakupataje?

Waziri aliangalia ndani ya kikombe chake kwa makini, ingawa alikuwa ameshakimaliza.

— Hilo swali, alisema Dalali, lina pande nyingi.

Muuza kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha Waziri, yakatoka machicha matupu, akaanza kukusanya vikombe. Mmoja wao alijisogeza, ubao ukalia chini yao, na kule chini ya ubao maandishi ya kile kibao cha duka yaliendelea kuyasomea matofali jina, kazi na namba ya zamani.

Ndipo simu ya Mapazia ilipoita. Picha za mapazia zikakatika kwenye kioo, pakatokea neno moja kubwa ambalo wote watatu walilisoma bila kutaka: Shemeji. Ikaita. Ikaendelea kuita. Mapazia aliishika kwa vidole viwili, mkono mwingine umeng'ang'ania futikamba, macho yamemtoka, huku yule mama akimtazama na kuitazama simu kwa wema, kama anayeona hatimaye jambo linakwenda vizuri.

— Pokea basi, alimwambia. Huenda ni mteja.